Mtetea wa Mama Mkwe

Siku niliyoondoka Butembo kumfuata mume wangu Bunia, mama yake alinipa kuku. Hakunipa mkononi. Alimweka chini mbele ya miguu yangu, ndani ya kapu lililofungwa kwa majani ya mgomba, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha baruti. "Njo huyu," akasema. Tulikuwa tumeoana miaka minne, na katika miaka hiyo yote hicho kilikuwa kitu cha kwanza kutoka kwake kuja kwangu, ukiacha maneno.

Asiyeujua ukoo wa mume wangu atadhani ilikuwa zawadi. Ulikuwa mtihani. Kwao, mama akimpa mke wa mwanawe kuku, kuku huyo hauzwi wala hachinjwi. Anaatamia, anatotoa, wewe unalea vifaranga, na mtetea mmoja wa uzao wa kwanza, akishakomaa, unamrudisha mikononi mwa mama mkwe. Mpaka siku hiyo, mama mkwe akija kwako atalala, ataoga, atakusema, lakini hatakula chakula ulichokipika. Sijui koo nyingine zinafanyaje. Kwao ilikuwa hivyo, na mke wa shemeji yangu mkubwa alikuwa ameumaliza mtihani huo kwa miezi minane, jambo nililokumbushwa kila jina lake lilipotajwa, na lilitajwa sana.

Mimi nimekulia kwenye duka la vitambaa. Kuku niliyemfahamu ni yule aliyemo ndani ya sufuria. Lakini nilitaka yule mama ale kwangu. Nasema wazi, kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu: nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka nyumba yetu wenyewe, na kodi ya nyumba ilikuwa inatuua.

Tulipanga kwenye kartie ambayo nusu ya watu wake walikuwa wametoka mahali pengine na nusu nyingine walikuwa wamekimbia na kurudi. Vita vilikuwa vimekwisha. Kila mtu alisema vimekwisha, na kila mtu alikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango. Kuku wangu alifika, akakagua paruseli nzima, kiwanja chote cha nyumba, akachagua kulalia mayai ndani ya katoni ya minyororo ya pikipiki ambayo mume wangu alikuwa aipeleke sokoni. Kwa wiki tatu hakuna mteja wa Bunia aliyepata mnyororo kutoka kwake. Alilalamika. Nikamuuliza kama mama yake ni wa kwangu au wa kwake, akaenda sokoni mikono mitupu.

Vikatoka vifaranga kumi na viwili, na hapo ndipo nilipojua kwamba dunia nzima inakula vifaranga. Mwewe alichukua watatu kwa siku mbili. Wanawake wa avenyu wakanishauri nivipake dawa ya zambarau, ile ya vidonda, maana mwewe akiona rangi asiyoijua anaogopa. Nikanunua chupa mbili famasi, nikavitumbukiza kimoja kimoja. Vifaranga vilipata rangi kidogo. Mimi nilipata mpaka kwenye viwiko. Jumapili nilipopeleka sadaka mbele, mchungaji aliiangalia mikono yangu, akaiombea kanisa zima likisikia. Mwewe naye alikaa juu ya antena ya jirani siku mbili akitafakari. Siku ya tatu akachukua wawili. Nadhani rangi ilimsaidia kuviona.

Kimoja kilizama kwenye beseni la kufulia. Viwili vilikufa kwa kikohozi. Kimoja kilikanyagwa na mume wangu, ambaye mpaka leo anasema kilikufa chenyewe, lakini mimi nilikuwepo. Ukihesabu, walibaki watatu: jogoo wawili na mtetea mmoja, mwekundu wa kawaida kabisa, wa aina ile unayoikuta kila ua kuanzia hapa mpaka Bule.

Huyo mtetea nilimlea kama yai. Mvua ikinyesha alilala ndani. Nilimvunjia mahindi kwa jiwe, nikamwokotea kumbikumbi, nikamtilia pilipili kwenye maji ili ugonjwa usimpate. Mume wangu akikohoa nilimwambia anywe chai. Mtetea alipokohoa nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kwa veterineri, nimempakata, na yule motari akaniuliza mgonjwa anaitwa nani.

Mwezi wa tatu ikafika siku ya wanawake. Avenyu yetu nzima ilinunua kitenge kimoja kwa ajili ya maandamano, cha kijani chenye taa za njano, na fundi alinirudishia mabaki. Nikachana vipande vyembamba, nikawafunga kuku wangu wote wanne mguu wa kushoto. Hakuna atakayeniibia kuku sasa, nilijiambia, na nikajiona mwerevu sana.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Mtetea alikwisha kukomaa. Upanga wa kichwani ulikuwa mwekundu, na kila asubuhi aliimba ule wimbo wa kuku aliyetoka kutaga, lakini yai silioni. Nilitafuta jikoni, chini ya kitanda, ndani ya viatu. Nyuma ya ua wetu wa miti aliishi mama mmoja mjane, muuza maandazi, aliyekuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi mwaka uliotangulia. Mimi na yeye tulisalimiana kwa meno tu. Yeye aliona sisi watu wa Butembo tumekuja kununua mji wakati wenyewe wamekimbia. Mimi niliona ananionea. Na kila asubuhi kwake kulinukia mayai ya kukaanga. Basi nikawa nasimama karibu na ua, naongea na sufuria yangu kwa sauti: "Kuna watu mu hii kartie banakula mayayi ya benzao, na kesho banaenda kusali!" Upande wa pili redio ikaongezwa sauti.

Halafu simu ikalia. "We bibi ya mutoto wangu," akasema mama mkwe. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa mwanawe tu. "Siku ya posho niko pale. Nakuya kutwaa kuku yangu."

Ijumaa, kesho yake, Jumamosi, ikiwa ndiyo siku ya posho yenyewe, saa mbili asubuhi, kitu kikalia bum upande wa barabara kuu.

Sisi hatuulizi. Bum ikilia, watu huwa wako njiani kabla mwangwi haujarudi. Nilimkamata mtetea kwanza, kisha wale watatu, kisha mfuko. Mume wangu alikuwa sokoni, akajibeba mwenyewe. Uwanja wa kanisa ulijaa avenyu yetu yote, na kila mama alikuwa amening'iniza kuku wake, miguu imefungwa wawili wawili. Tukawalaza chini ukutani, tukaingia ndani kuomba.

Sasa, yule mlinzi wa kanisa alikuwa mtu mwenye moyo laini, na moyo laini una madhara yake. Akawaona kuku wamelala juani, midomo wazi. Akawahurumia. Akakata kamba zote kwa kisu, akawaingiza kuku wote, kama sitini, kwenye chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, akafunga mlango. Hakuna aliyemuona.

Baada ya saa mbili habari ikafika: tairi. Lori la viazi kutoka Kpandroma lilikuwa limepasuka tairi kwenye rompwe, pale barabara zinapozunguka. Tukacheka, tukajisifu tulivyokimbia, tukatoka kuchukua kuku.

"Yangu iko na alama," nikasema, wa kwanza mlangoni. "Kitambaa ya kijani, ku muguu ya kushoto."

"Yangu pia," akasema mama aliyekuwa nyuma yangu.

"Na yangu. Iko na taa za njano."

Mlinzi akafungua. Kuku sitini walitutazama, na mguuni mwa kila mmoja kulikuwa na siku ya wanawake. Sote tulikuwa werevu. Sote tulikuwa tumepata mabaki kutoka kwa fundi yuleyule.

Sitasimulia yote yaliyosemwa pale, kwa kuwa palikuwa kanisani. Mchungaji alijaribu kuhukumu. Akasema kila mama aite kuku wake anavyowaita nyumbani, na wenye masikio watamfuata. Mama wa kwanza akaita kurukurukuru. Kuku sitini wakamrukia. Wa pili akaita kurukurukuru, wakahamia kwake. Tulikuwa wanawake ishirini na tulikuwa na wito mmoja. Wengine wakaanza kuchagua kwa macho, na ajabu ni kwamba kila mmoja aliwatambua kama wake wale wanene. Mimi niliwakodolea macho wale watetea wekundu, kumi na tano au zaidi, mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimemlea yule mmoja kwa mikono yangu na sikuweza kumjua. Kesho mama mkwe anafika. Nitamwambia nini?

Saa kumi na moja jioni mlinzi alichoka. Alitaka kwenda nyumbani kula. "Kuku si mutu," akasema, "haina fitina. Giza ikikaribia, kila moja itaenda kwake." Akafungua mlango, akafungua na geti.

Nimeona maandamano mengi Bunia, lakini hayo ndiyo yaliyonigusa. Kuku sitini wakashuka avenyu bila haraka, wakidonoa njiani, na sisi wanawake ishirini nyuma yao, mikono nyuma, tunanyata, hakuna anayethubutu kukohoa. Mmoja akikata kona, mama mmoja anakata naye. Kuku wangu mkubwa akaingia kwetu, jogoo wawili wakamfuata. Nyuma yao alikuja mtetea mmoja mwekundu. Moyo ukanitulia. Akafika mlangoni, akanitazama, akapita. Akainama chini ya ua wa miti, akatokea upande wa pili, akaingia nyumbani kwa muuza maandazi kama mtu anayelipa kodi pale.

Nilizunguka na kuingia bila hodi. Muuza maandazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda chake. Chini ya kitanda, kwenye kapu kuukuu, mtetea wangu alikuwa amekaa, amejivimbisha, manyoya yamegusa kingo pande zote.

"Kuku yako?" akaniuliza.

"Yangu."

"Miye nilizania ni yangu. Ilikuwa na kitambaa yangu." Akamwinua mtetea kidogo kwa kidole. Mayai kumi na moja, kila moja limetiwa alama ya makaa. "Tangu wiki mbili inatagia hapa. Hata moya sikukula. Ile nakaanga asubuhi ni ya dukani, natia mu maandazi." Kisha, bila kunitazama, "Na nilikuwa nasikia yote ile ulikuwa unaambia sufuria."

Niliona aibu mpaka masikio. Nikasema nisamehe. Nikasema pia, maana shida haina adabu, kwamba namwomba kuku wangu, mama mkwe anafika kesho. Akaniambia nimchukue. Nikaingiza mkono chini ya kitanda, na yule mtetea niliyempandisha moto, niliyempikia, akanidonoa mpaka damu ikatoka. Alikuwa ameanza kuatamia. Ukimwondoa, mayai yanaharibika. Na mayai yalikuwa na alama za mwenye nyumba.

Mume wangu alishauri tununue mtetea mwingine sokoni. Wako wengi, na wote wana kitambaa. Nilimtazama mpaka akatoka nje.

Mama mkwe alifika Jumamosi adhuhuri na mkate wake na ndizi zake, maana alijua atakula nini. Nilimweleza yote pale pale mlangoni, tairi, mlinzi, kitanda, kabla ujasiri haujanitoka. Alisikiliza. Kisha akasema, "Nionyeshe," akavuka nyuma, akapiga magoti kwa shida mbele ya kitanda cha mtu asiyemjua, akaingiza mkono. Mtetea akamdonoa na yeye. Nikamwona mama mkwe anafurahi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Haitoshwe hapa, ibakie palepale," akasema akiinuka. "Minangojea."

"Mama, ni siku makumi mbili na moya."

"Najua kuhesabu."

Alikuwa amekuja kulala usiku mmoja. Alikaa. Na kwa kuwa mtetea alikuwa bado hajarudishwa, hakula kwangu hata kijiko. Mkate na ndizi vilikwisha siku ya tatu. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikapika ndakala, dagaa wetu, kwa nyanya, nikapika viazi vya Kpandroma, nikiacha mlango wa jiko wazi makusudi. Anakuja, anafunua sufuria, ananusa. "Inanukia muzuri," anasema, anafunika, anavuka ua, anaenda kula kwa muuza maandazi. Mume wangu alikula mafungu mawili kila siku akanenepa. Mimi nilikuwa nakaa jikoni nasikiliza vijiko vya upande wa pili, na wivu nilioupata sijawahi kuupata kwa mwanamke yeyote kuhusu mwanaume yeyote.

Siku ya nane muuza maandazi alipenya kwenye ua, macho mekundu. "Dada, unisaidie. Anasema maharagi yangu haina chumvi. Anasema fagio yangu ni ya wavivu. Jana ameonja unga ya maandazi, akatema. Weye umevumilia je miaka mine?" Nikamkalisha, nikamtilia chai. Nilimfundisha: usijibu, mpe kazi ya kuchambua kitu, maharagwe au mchele, anatulia. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Kuanzia hapo ua ule ulikuwa na tundu la ukubwa wa mtu.

Siku ya kumi na sita, asubuhi, mlio ukasikika upande wa barabara ya Nizi, na mara hii haukuwa wa tairi. Tairi halirudii. Avenyu ikamwagika njiani. Nilitoka mbio nikiwa nimekumbatia kitu, na nilipofika kwa muuza maandazi kumchukua mama mkwe ndipo nilipoona kwamba mfuko nimeuacha nyuma ya mlango na nilichobeba ni sufuria ya maharagwe, ya moto, inaniunguza tumbo.

Mama mkwe alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye kitanda, miguu ameinyosha.

"Mama, tukimbie!"

"Kimbieni."

"Na weye?"

"Nimekimbia mingi mu maisha yangu. Kila mara narudi, kuku haiko." Akavuta kikwembe chake kufunika magoti. "Hii imebakisha siku tano. Miye nabaki."

Nilimsihi. Nikamkasirikia, nikamwambia atatuua kwa sababu ya kuku. Hakuinua hata uso. Muuza maandazi akafunga mlango kwa komeo, akaja kuketi. "Mugeni hawezi kubaki peke mu nyumba yangu," akasema. Nikaketi na mimi. Ningeenda wapi na sufuria?

Tulikaa hivyo saa nyingi, wanawake watatu gizani na kuku mmoja aliyekuwa mtulivu kutuzidi. Milio ilikuwa inakuja na kuondoka. Mara nyingine tulisikia miguu ikipita njiani, kisha kimya, na katika kimya hicho mtetea aligeuza mayai yake, tukasikia yanavyogongana. Niliogopa. Nilimfikiria mume wangu, aliyekuwa ameondoka kwenda sokoni, yuko wapi. Muuza maandazi alikuwa amenishika mkono bila kujua, au akijua, na hakuna aliyethubutu kuwasha moto, kwa kuwa moshi unaonekana.

Ikafika saa nane mchana. Tumbo la mama mkwe likanguruma, kwa sauti, kama mzee anayeitwa na hataki kuitika. Sote tulisikia. Muuza maandazi akauma midomo asicheke. Mama mkwe akatazama ukuta. Likanguruma tena.

"Leta ile sufuria," akasema.

Sikusogea. Nilidhani ananijaribu. "Mama, mtetea haijarudia kwako."

"Kuku iko hapa," akasema, akigonga kitanda kwa kisogo. "Miye niko hapa. Weye uko hapa. Unataka irudie mara ngapi?"

Nikasogeza sufuria. Maharagwe yalikuwa yamepoa na hatukuwa na bugali wala vijiko. Akanawa kwa maji ya kuku, akachota kwa vidole vitatu, akala. Akatafuna taratibu sana, macho juu, na mimi nikasahau kusikiliza nje. Akachota tena. Akamsukumia muuza maandazi sufuria, akamwambia, "Onja, njo ujue chumvi." Kisha akairudisha mbele yake na hakuiachia tena mpaka tukakiona chuma cha chini.

Nilianza kulia. Nilijizuia, ikashindikana, nikaficha uso kwenye kikwembe.

"Nyamaza, mutoto wangu," mama mkwe akasema, na mkono wake, wenye mchuzi, ukatua juu ya kichwa changu. "Masasi iko mbali."

Sikumwambia kwamba siyo risasi nilizokuwa nazililia.